Muulize Fundi: Sola ya mkononi ya kuchajia simu, ninunue ipi?

Tangu kaskazi ianze kuvuma, barua zinazofika hapa dukani Langoni, Amu (Lamu), karibu zote ni za sola. Wengine wanataka kununua, wengine wameshanunua na hawaoni faida yake, na wachache wananiletea chombo kilichokwisha kufa wakitaka nitazame kama kuna cha kuokoa. Mwezi huu nimeyaweka kando maswali ya vioo vilivyopasuka na laini zilizofungwa. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu jibu lake linawafaa wengi ambao sikupata nafasi ya kuwajibu.

Assalamu alaykum fundi. Mimi ni mvuvi, na tukipiga dago (kambi ya uvuvi) upande wa Kiwayu hukaa siku nne tano bila stima. Mnunuzi hutaka nimpigie kabla hatujarudi ili aandae barafu, na wenzangu nao wana kabambe zao, zile simu ndogo za vitufe. Nimeona mjini pawabenki yenye sola mgongoni, imeandikwa 30,000 mAh. Muuzaji asema ukiiacha juani mchana kutwa, usiku wachaji simu tano. Ninunue?
— Mvuvi, Kizingitini

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Usinunue.

Sababu yenyewe ni hesabu, na nataka uijue ili siku ukiwa dukani peke yako usibabaishwe na mtu. Jua la saa sita, mbingu ikiwa safi, humwaga kama wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba. Paneli nzuri za siku hizi, zile nyeusi, hugeuza fungu moja katika mafungu matano ya jua hilo kuwa umeme. Sasa chukua hiyo pawabenki uipime mgongo. Utapata sentimita 14 kwa 7, au karibu na hapo. Jua linaloangukia eneo hilo halizidi wati 10, na fungu moja katika matano ni wati 2. Hizo ni za kwenye karatasi. Joto na vumbi vikishachukua chao, na jua likishaanza kulala upande, hubaki wati moja, au moja na nusu ukibahatika.

Pawabenki ya 10,000 mAh (kipimo cha ujazo wa betri), ambayo ni theluthi ya hiyo uliyoiona, hutaka wati-saa 40 na ushei kujaa ikiwa tupu; wati-saa moja ni umeme wa wati moja kwa saa moja. Kwa wati moja na robo, hizo ni zaidi ya saa 30 za jua kali. Huku kwetu jua la kufanyia kazi ni saa tano au sita kwa siku, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na kitu. Yaani theluthi tu ya kilichoandikwa pale itakula karibu wiki nzima, na wewe dagoni hukai wiki.

Lakini kinachonifanya nikukataze kabisa ni joto. Ili kile kipaneli kipate jua, lazima betri nayo ilale juani, kwa kuwa vimewekwa katika mwili mmoja. Betri ya lithiamu haifai kuchajiwa ikiwa na joto la kupita nyuzi 45, na kitu cheusi kilichoachwa mchangani saa saba za mchana hufika nyuzi 60. Nikizifungua hizi zinazoletwa hapa, mara nyingi nakuta mifuko ya betri imetutumka mpaka imeinua kifuniko, na gundi iliyokuwa imeshika paneli imeyeyuka ikatambaa juu ya nyaya. Aliyeiacha juani hakukosea. Alifuata alivyoelekezwa na aliyemuuzia, na hilo linaniuma, kwa sababu wengi wanaonunua vitu hivi ni watu wa kipato cha siku kwa siku.

Nunua vitu viwili mbalimbali. Cha kwanza ni paneli ya kukunja isiyo na betri yoyote ndani, yenye tundu la USB. Cha pili ni pawabenki ya kawaida ya 10,000 mAh, isiyo na sola. Paneli ilale juani, pawabenki ikae kivulini, na kati yao upite waya mmoja mnene usiozidi mita moja. Waya mwembamba na mrefu hupoteza umeme njiani, na umeme wa volti 5 hauna wa kupoteza.

Paneli ya wati ngapi? Tazama matumizi yako. Betri ya kabambe ni kama 1,000 mAh, ambazo ni wati-saa 4 hivi. Simu janja ya 5,000 mAh ni wati-saa 19. Ukichaji simu yako moja janja na kabambe mbili za wenzako kila siku, pamoja na umeme unaopotea ukihama kutoka betri hadi betri, utahitaji kama wati-saa 35 au 40. Nayo paneli, hata ya mwenye duka mwaminifu, haitoi wati zote zilizoandikwa. Wati zinazoandikwa hupimwa maabara, paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Kwa kila nyuzi moja juu ya hapo hupungua kidogo, karibu nusu ya asilimia, kwa hivyo ikiwa imeshika moto mchangani, umeme wa kutosha umeshapotea. Kwa wati 10 zilizoandikwa, wewe hesabu 6 au 7. Paneli ya wati 10 itakupa wati-saa 30 na kitu siku ya jua safi, na hiyo haikutoshi. Chukua ya wati 20. Itakupa 60 siku njema, na mawingu ya kusi yakitanda bado utapata cha kupigia simu. Zaidi ya hapo usijisumbue kwa kazi hii, kwa sababu pawabenki nyingi za kawaida hupokea volti 5 kwa ampea 2, yaani wati 10 tu kwa wakati mmoja.

Dukani utaambiwa kila paneli ni ya wati 28, hata iwe ndogo vipi. Nenda na karatasi ya kawaida ya kuchapia, ile ya A4. Ifunike juu ya vile vipande vyeusi, usihesabu kitambaa cha pembeni. Eneo la karatasi moja, hata vipande hivyo, yaani seli, vikiwa vizuri, halitoi zaidi ya wati 12 au 13. Kwa wati 20 vipande vyote vikikunjuliwa vinapaswa kujaza karatasi moja na nusu. Vikijaza karatasi moja na ukaambiwa ni wati 28, irudishe mezani kwa upole, uage. Hapo hapana haja ya kubishana, kipimo umeshakiona kwa macho yako.

Ukishaipata, kuna mambo matatu ya baharini. La kwanza ni kivuli. Seli za paneli mara nyingi zimeungwa mfululizo, na umeme wa moja hupita kwa mwenzake. Kivuli chembamba cha foromali (mti wa tanga) au cha kamba kikikata sehemu moja, hakipunguzi sehemu hiyo peke yake, kinaweza kuangusha paneli nzima. Mashua ikiwa inakwenda, tanga likigeuzwa kivuli nacho kinahama, kwa hivyo chaji mkiwa mmetia nanga au mko nchi kavu.

La pili ni pembe. Sisi tuko karibu mno na ikweta, kama nyuzi mbili kusini yake, kwa hivyo jua la mchana ni la utosini na paneli ikilazwa chali inafanya kazi. Lakini asubuhi na alasiri iegemeze. Simamisha kalamu juu yake, uigeuze paneli mpaka kivuli cha kalamu kipotee kabisa. Hapo inalitazama jua uso kwa uso.

La tatu ni chumvi, na hili ndilo linaloua vyombo vingi huku visiwani kuliko kuanguka. Ukilichungulia tundu la USB lililoliwa na chumvi utaona zile ndimi ndogo za shaba ndani zimeota kijani. Ulimi mmoja ukishalika, chaji inakuja na kukatika, na mtu hudhani paneli imekufa. Kila jioni ifute paneli kwa kitambaa kilicholowa maji matamu, kausha, funga kile kifuniko cha mpira cha tundu. Pawabenki na nyaya zikae ndani ya mkebe wa plastiki wenye mfuniko wa kukaza. Ukiona paneli imeandikwa IP67, maana yake imejaribiwa kuzama mita moja kwa nusu saa, lakini katika maji matamu na tundu likiwa limefunikwa. IPX4 ni ya kuvumilia kurushiwa matone tu. Kwa kazi yako tafuta ile ya kwanza ukiweza, na mkebe uwe nao vilevile.

Fundi, mwanangu aliye Mombasa ameniletea pawabenki ya 50,000 mAh, kubwa kidogo tu kuliko simu. Amesema nitachaji mara kumi. Nachaji simu yangu ya 5,000 mara moja, ya pili haifiki nusu. Simu yangu ndiyo mbovu?
— Mama, Siyu

Simu yako nzima, mama. Ipeleke hiyo pawabenki kwa mwenye duka unakonunua sukari, mwambie aiweke kwenye mizani.

Nambari mtu anaweza kuchapa apendavyo, lakini uzito hauchapwi. Betri za lithiamu zenye ujazo wa kweli wa 10,000 mAh, pamoja na gamba lake, huwa na uzito wa gramu 200 hivi. Ya 20,000 huwa karibu mara mbili ya hapo. Ya 50,000 ya kweli ingekaribia kilo nzima, na usingeiweka mfukoni. Kwa hayo unayoniambia, yako naikisia itasoma gramu 200 na kitu, kwa hivyo ni ya 10,000, na inafanya kazi ya 10,000 barabara.

Kwa nini 10,000 isichaji simu ya 5,000 mara mbili? Kwa sababu betri za ndani ni za volti 3.7, na simu hulishwa volti 5. Umeme lazima upandishwe, na kupandishwa huko kunakula sehemu yake, ndiyo maana pawabenki hupata uvuguvugu ikifanya kazi. Tena simu nayo hupoteza kidogo ikipokea. Mwisho wake unapata mara moja na chini kidogo ya nusu. Watengenezaji waaminifu huandika nambari mbili mgongoni: ile kubwa ya betri, na chini yake kwa herufi ndogo ile inayotoka kwenye volti 5, ambayo huwa kama 6,000 kwa pawabenki ya 10,000. Pia huandika wati-saa, zenye alama ya Wh. Ya 10,000 husoma 37 Wh. Isiyokuwa na Wh mahali popote, mimi siinunui.

Usimgombeze kijana. Aliinunua kwa mapenzi, na mwenyewe alidanganywa. Itumie, ila mwambie asinunue nyingine hapo.

Nina paneli ndogo ya kukunja. Nikiunganisha simu moja kwa moja, inalia kuwa imeanza kuchaji, inanyamaza, inalia tena. Mchana mzima nimepata asilimia 20. Na je, kuna chapa unayoweza kutuelekeza, maana sisi wa bara ya Malindi hatujui la kushika?
— Mwalimu, Marafa

Mwalimu, hiyo milio ni mawingu. Wingu likipita, umeme wa paneli hushuka. Simu ikiona umeme hautoshi hujitoa. Jua likirudi, simu nyingine huanza upya, nyingine huendelea kujivuta kwa kiasi kidogo ilichopimia wakati wa wingu, hata jua liwe kali namna gani, mpaka uchomoe waya na kuurudisha. Kila mlio huo pia huwasha kioo, na kioo kinakula chaji. Weka pawabenki katikati. Mchana paneli ijaze pawabenki, usiku pawabenki ijaze simu. Pawabenki nyingi huvumilia umeme wa kupanda na kushuka kuliko simu, na simu yako haitalala juani.

Kama hata kwa mbingu safi bado inakatika, tafuta kipima-USB, kile kidude kidogo chenye kioo kinachochomekwa kati ya paneli na waya. Mafundi wengi wanacho na hakina bei kubwa. Saa sita mchana kichomeke, unganisha pawabenki iliyo tupu, usome. Volti ziwe karibu na 5. Zidisha volti kwa ampea: 5 kwa 1.2 ni wati 6, na hiyo ni paneli nzuri ya kuandikwa wati 10. Volti zikianguka chini ya 4.5 mara tu unapounganisha, basi ama paneli ni dhaifu, ama waya ni mbovu. Badili waya kwanza. Ningependa kila mnunuzi afanye kipimo hiki nje ya mlango wa duka kabla hajatoa pesa, na muuzaji anayekataa paneli yake itolewe juani ameshakujibu.

Jambo moja la hatari: kuna paneli zinazouzwa zikiwa na nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi, za kuchajia betri za volti 12. Usikate waya wa chaja ukaziunga humo. Zikiwa juani bila mzigo hufika volti 18 na zaidi, na simu haiponi baada ya hapo.

Kuhusu chapa, kwa paneli za kukunja sitakutajia, kwa kuwa zinazofika madukani hubadilika kila shehena, na jina lile lile nimelikuta juu ya kitu kizuri na juu ya takataka. Lakini wewe mwalimu unakaa nyumbani, husafiri nayo. Huenda kinachokufaa zaidi ni kandili ya sola yenye tundu la kuchajia simu na paneli yake kando, yenye waya wa kufika juu ya paa. Hizo zina wakaguzi. Kuna mpango wa ukaguzi wa ubora uliokuwa chini ya Lighting Global, ambao tangu 2020 unaitwa VeraSol, unaopima kandili na sola ndogo za nyumbani kama mwanga, betri na uimara vinalingana na kilichoandikwa kwenye kasha. Sun King na d.light, ambazo Kenya zimeenea, zina bidhaa nyingi zilizopita kipimo hicho. Hata hivyo tazama mfano wenyewe, na hakikisha kasha limeandikwa kuwa linachaji simu, kwa sababu zile ndogo kabisa ni za mwanga tu. Omba waranti iliyoandikwa tarehe na kupigwa muhuri.

Pawabenki yangu imevimba tumbo lakini bado inachaji. Ndugu yangu anasema niitoboe kwa sindano gesi itoke. Kweli?
— Dada, Shela

Dada yangu, usiitoboe, na usiichaji tena hata mara moja. Ile gesi imetokana na betri kuoza ndani, na sindano ikigusanisha tabaka zake inaweza kulipuka moto mkononi mwako. Itoe nje leo hii, uiweke ndani ya sufuria kuukuu au debe lenye mchanga mkavu, mbali na mtu na mbali na makuti. Unajua moto wa makuti unavyoruka kutoka paa hadi paa katika mitaa yetu iliyobanana. Usiitupe jaani wala baharini. Ukipata anayekuja mjini, aniletee ikiwa ndani ya mchanga huo huo; nazikusanya kando na kuzipeleka kwa wanaopokea taka za umeme.

Naenda Umra inshallah, naruka kutoka Manda. Nichukue pawabenki na paneli yangu, au nitanyang'anywa?
— Mzee, Mkomani

Mwenyezi Mungu akutakabalie, mzee wangu, na utuombee. Pawabenki iwe kwenye mkoba wa mkononi, usiitie kabisa ndani ya sanduku linalokwenda chini ya ndege. Kiwango kinachoruhusiwa bila kuomba idhini ni hadi 100 Wh, ambazo ni kama 27,000 mAh, kwa hivyo ya 10,000 au ya 20,000 haina tatizo, mradi nambari zake zinasomeka. Iliyofutika maandishi wanaweza kuizuia. Mashirika mengine siku hizi hayaruhusu kuitumia safarini, basi ijaze simu kabla ya kupanda. Paneli haina betri, haina kizuizi, lakini iache nyumbani. Makka na Madina stima ipo, na matundu ya ukutani mara nyingi ni yale yale ya miguu mitatu unayoyatumia hapa Amu.